Kivuli Kisicho na Mtu

Watu wa pwani tuna ugonjwa wetu: tukiona bahari tunadhani tumefika kwetu. Mtu wa bara akifika ufukweni huuliza. Atauliza kina cha maji, atauliza kama kuna papa, atauliza hata kama mchanga unadidimia. Sisi hatuulizi. Tunavua viatu, tunakunja suruali, tunaingia. Nani wa kutufundisha maji ya chumvi?

Kisa ninachokisimulia ni cha dada mmoja mzaliwa wa Tanga, muuguzi katika jimbo la Minnesota huko Marekani, na kilimkuta Barbados. Jina lake silitaji. Mwenyewe ameniruhusu niisimulie habari yake kwa sharti hilo, akaongeza sharti la pili, kwamba nisimpambe.

Alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala siku moja ukaisha. Alikuwa na zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na juu yake zamu za ziada kwa ajili ya karo za watoto wa kaka zake. Alikuwa na zile simu za alfajiri kutoka nyumbani zinazoanza kwa salamu ndefu, za mzima na za watoto na za kazi, zikaishia na "sasa dada, kuna kajambo kadogo." Mama yake alifariki mwaka uliotangulia. Alizikwa siku hiyohiyo kabla ya magharibi, kama ilivyo ada, wakati binti yake bado anahangaika na tiketi. Tangu hapo hakuwahi kumlilia mama yake sawasawa. Kila alipokaa ajiandae kulia, kengele ya mgonjwa ililia kwanza.

Wenzake wa kazini ndio waliomshauri: nenda mahali peke yako, penye jua, ukae na nafsi yako. Kwao huko ni jambo la kawaida. Kwetu, mwanamke akienda kukaa ufukweni wiki nzima bila mtu, ataulizwa amegombana na nani. Yeye aliliona ni wazo zuri, na mimi naliona zuri vilevile. Nalisema hili mapema kwa kuwa najua wapo watakaokisoma kisa hiki wakipigapiga magoti: si tulisema, mwanamke asisafiri peke yake! Hao wakasome kitu kingine.

Akachagua Barbados kwa ajili ya picha. Ni kisiwa kidogo, urefu wake kilomita 34 na upana 23, Unguja inakimeza zaidi ya mara tatu. Upande wa mashariki kinapigwa na Atlantiki, mawimbi mazito ya kuvunja magogo. Upande wa magharibi bahari imetulia kama maji ya birika, na huko ndiko ziliko hoteli nyingi na nyumba za wageni. Alifika mwishoni mwa Novemba, siku ambazo kisiwa kizima huvaa buluu na njano kwa ajili ya tarehe 30, siku waliyopata uhuru mwaka 1966 na siku waliyomwacha Malkia na kuwa jamhuri mwaka 2021.

Sasa sikiliza masharti aliyojiwekea. Simu aliizima na kuitia ndani ya begi. Nyumbani aliaga kwa neno moja, anakwenda kupumzika. Si dada yake wa Tanga wala rafiki yake wa Minnesota aliyejua kisiwa gani, achilia mbali nyumba gani. Na aliapa kwamba hatazungumza na mtu ila kwa lazima. "Nilikuwa nimechoka kusikiliza watu," aliniambia. Alinunua daftari la jalada gumu la kuandika tafakuri zake. Nimeliona. Ukurasa wa kwanza una sentensi nne kuhusu amani. Ukurasa wa pili una sentensi mbili. Kuanzia wa tatu ni hesabu ya matumizi, dola za Barbados mbili kwa moja ya Marekani, nauli, samaki, maji ya kunywa. Asiyewahi kukaa na nafsi yake miaka mingi, akipewa nafasi hiyo ghafla hupiga hesabu.

Kilichomdanganya zaidi ni kwamba kila alichokiona alikijua. Kando ya barabara kuna mishelisheli. Uani kuna miembe. Ufukweni kuna minazi, mivinje inayovuma upepo ukipita, na mikungu iliyotandaza matawi yake ngazi kwa ngazi, na kungu zimeanguka chini zimeliwa na popo. Alisimama akacheka peke yake. Utoto wake wote Tanga aliupitisha akigonga kungu kwa jiwe kutafuta kile kiini chembamba cha ndani. Alijisikia amerudi nyumbani bila ya kero za nyumbani.

Lakini miti hiyo haikukutana naye kwa bahati. Ililetwa. Minazi ya upande ule wa dunia asili yake ni Bahari ya Hindi, ilivushwa kwa merikebu za Wareno. Miembe ilitoka India. Mivinje na mikungu ilitoka Asia na visiwa vya mbele yake. Shelisheli lilipelekwa na nahodha Mwingereza, William Bligh, aliyelitoa Tahiti akalifikisha St Vincent na Jamaika mwaka 1793, kusudi wenye mashamba ya miwa wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Ufukwe ule unaofanana na Raskazone ya Tanga umepandwa na dola za kibiashara, mti mmoja mmoja, kwa karne tatu. Dada yetu alikuwa anaamkiana na wageni wenzake. Mwenyeji hakumjua.

Hata bahari yenyewe ilimpa onyo. Mtu wa Tanga huishi kwa saa ya maji. Siku za bamvua bahari hupwa hadi mashua zinalala ubavu na wanawake wanatembea kwenye tope kuokota chaza, kisha hujaa mpaka kwenye ngazi. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Barbados haifiki mita moja. Siku ya kwanza alingoja maji yapwe aende akatazame mwamba. Akangoja mpaka jua likazama, tena likazama baharini, upande ambao kwao haliwezi kuzama. Maji yalikuwa palepale. Aliliandika jambo hilo katika daftari, ndiyo mojawapo ya zile sentensi sita: "Bahari ya huku haiendi popote." Akaliona ni zuri, la kutuliza. Halikumpitikia kwamba kama bahari si ileile, na pwani huenda si ileile.

Sasa tuje kwa watu. Barbados, ukipanda yale matatu yao meupe yenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, unasema habari za asubuhi kabla hujakaa, na gari zima litakuitikia. Ukiingia dukani, vivyo hivyo. Asiyesalimu huonekana hakulelewa. Mtoto wa Tanga, ambaye hakupita mbele ya mzee bila shikamoo mpaka alipopanda ndege, angeyaelewa hayo kuliko Mmarekani yeyote. Lakini Minnesota ilikwisha kumfundisha kuangalia mbele. Alipanda gari na visikizi masikioni, akakaa, akatazama dirishani. Kina mama waliokuwa na vikapu walitazamana.

Karibu na nyumba aliyofikia, chini ya mkungu mkubwa, alikuwapo mzee muuza madafu na toroli lake, barafu, na panga. Kila asubuhi alimpungia mkono. Siku ya kwanza dada alitikisa kichwa. Siku ya pili alilitazama daftari lake. Siku ya tatu mzee aliinua mkono nusu, akaushusha. Mtu wa kuuza kitu ufukweni, dada alifikiri, atataka niongee. Na alikuwa sahihi. Mzee alitaka kuongea.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali tangu saa nne. Chini ya mkungu watu walikuwa wamebanana: familia na jokofu lao la plastiki, wazee wanaocheza dhumna, watoto, mbwa. Miamvuli ya kukodi imejaa. Na hatua kama sitini kutoka hapo kulikuwa na mti mwingine, mkubwa, majani yake ya kung'aa, kivuli chake kizito na kipana hadi karibu na maji. Chini yake hapakuwa na mtu hata mmoja.

Hapa nakaa kidogo, maana kisa chote kiko hapa. Ufukwe umejaa, jua linachoma, na kivuli bora kuliko vyote kiko wazi. Mwenye njaa akikuta mezani pilau haijaguswa na watu wamekaa pembeni wanakula muhogo, hatapakua kabla ya kuuliza. Dada aliniambia kwamba wazo hilo lilimpitia kweli. Ila alikuwa amekuja kutafuta upweke, na akaona upweke umemsubiri. Kila kitu kilichopaswa kumtia shaka kilimfurahisha. Watu hawapo? Vizuri. Pametulia? Ndiyo niliyoyafuata.

Shina la mti ule lilikuwa limezungushiwa rangi nyekundu, mkanda mpana usawa wa kiuno. Aliuona. Na yeye ni Mtanzania, anajua rangi nyekundu maana yake nini: TANROADS wakitaka kupitisha barabara huja na ndoo ya rangi wakapiga X ukutani, na mwenye nyumba huanza kutafuta viroba vya kuhamisha matofali. Akaona mti umehesabiwa kukatwa. Akauhurumia. Akaitundika kanga yake kwenye tawi, akatandika taulo, akajilaza.

Mti huo kwa Kiingereza huitwa manchineel, kutokana na jina la Kihispania lenye maana ya tofaa dogo, na Wahispania wengine huongeza neno la mauti. Matunda yake ni kijani chenye umanjano, madogo, mviringo, yana harufu tamu, na huanguka mchangani kama tofaa lililodondoka kapuni. Kila sehemu yake ina utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo huunguza ngozi ikatoka malengelenge. Moshi wa kuni zake huumiza macho. Wenyeji wa asili wa visiwa vile walijulikana kwa kupaka utomvu wake mishaleni. Columbus alipokuja mara ya pili, Novemba 1493, daktari wa msafara wake, Diego Álvarez Chanca, aliandika habari za mabaharia walioteremka kisiwani wakaonja matunda wasiyoyajua kwa ncha ya ulimi tu, nyuso zikavimba na maumivu yakawatia wazimu. Inaaminika ni tunda hilihili. Walikuwa wageni wa siku chache, hawajauliza mtu.

Na usidhani ni ujinga wa zamani. Mwaka 1999 daktari wa mionzi kutoka Uingereza, likizoni Tobago na rafiki yake, aliokota tunda la kijani ufukweni akaliuma. Lilikuwa tamu, kama plamu. Kisha likageuka pilipili, kisha moto, kisha koo likambana hata mate hayapiti. Ilichukua saa nyingi kutulia. Alipopona aliandika mwenyewe habari hiyo katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 2000, na namheshimu kwa hilo, kwa kuwa msomi wa kiwango chake angeweza kukaa kimya. (Chumvi nayo imetiwa nyingi juu ya mti huu. Iko opera ya Kifaransa ya mwaka 1865 ambamo malkia mmoja, kwa ajili ya mapenzi ya Vasco da Gama yule aliyetia nanga Malindi, anakufa kwa kuvuta harufu ya maua yake tu. Harufu haiui. Wala Vasco da Gama, kwa tunavyomjua sisi, hakustahili kufiwa hivyo.)

Kitu kimoja kinaniuma katika habari hii. Mti ule ni wa ukoo mmoja na muhogo, na mbono, na mnyaa. Mnyaa! Hakuna mtoto wa Tanga asiyeonywa juu ya ua wa minyaa: usivunje tawi, maziwa yake yatakupofusha. Kama dada angevunja jani moja la mti ule akaona maziwa yanachuruzika, angeruka. Elimu aliyotoka nayo kwao ingemtosha kabisa. Sijui kwa nini husemwa kwamba ya kwenu hayafai ugenini. Yanafaa, ila lazima uyatumie kuchunguza, si kulalia.

Mvua ilikuja kama saa saba, mvua ya kisiwa, ya ghafla, jua likiwa bado linaonekana upande wa pili. Watu wote wakakimbilia kibandani kwa muuza samaki. Kuna mtu alipiga kelele akimwelekea yeye, akipunga mikono yote miwili. Dada aliona wanamwita ajikinge asilowe. Akapunga mkono naye, akatabasamu. Hakutaka kujikinga. Matone yalikuwa yanapenya majani, baridi, mazito, akainua uso yamwangukie. Na hapo, aliniambia, kwa mara ya kwanza tangu mama yake azikwe, machozi yakaja. Alilia vizuri, sauti juu, kwa kuwa mvua inapiga na hakuna wa kusikia. Akafikiri: hiki ndicho nilichokifuata.

Maji yanayopita kwenye majani ya mti ule huteremka na utomvu. Mkanda mwekundu umepakwa kwa sababu hiyohiyo, na katika fukwe nyingine huwekwa kibao chenye maneno: usisimame hapa mvua ikinyesha.

Mvua ilikatika kabla ya robo saa. Midomo ikaanza kumchonyota, kama mtu aliyekula embe bichi na pilipili. Kisha mabega. Kisha kope. Akanyoosha mkono akaivuta kanga kutoka tawini, akajifuta uso nayo, akasugua macho nayo. Kanga ilikuwa imelowa utomvu tangu upande huu hadi ule.

Muuguzi wa miaka mingi anajua la kufanya jicho likiingia dawa kali: maji, mengi, mara moja, bila kusugua. Alijua. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa, na mgonjwa hana elimu. Alikimbia kuelekea sauti ya maji, akajikwaa kwenye mizizi, akaanguka mchangani. Macho yamefumba na hayafunguki.

Aliyemfikia wa kwanza ni mzee wa madafu. Ndiye aliyekuwa anapiga kelele. Alikuja na dumu lake la maji safi, lile la kusuuzia panga, akamkalisha, akamshika kichwa kama ashikaye mtoto, akamimina. Dumu lilipokwisha akatuma kijana alete jingine. Hakumuuliza jina, hakumlaumu. Alimwambia tu, kwa Kiingereza chao cha kuvuta, "Mwanangu, nilikuwa nikitaka kukwambia tangu Jumatatu." Mwanamke mmoja wa kibanda cha samaki akaichukua ile kanga kwa kijiti, akaitia ndani ya mfuko wa plastiki na kuufunga. Ndani ya begi la dada wakakuta matunda matatu. Alikuwa ameyaokota apate kuyaonja jioni.

Kwenye zahanati walimsafisha macho kwa muda mrefu, wakamtia dawa, wakamfunga. Macho yakioshwa mapema aghalabu hupona kwa siku chache, na ya kwake yalipona. Lakini siku hizo chache ilibidi azipitishe. Muuguzi wa zahanati alimuuliza swali ambalo yeye mwenyewe huwauliza wagonjwa wake kila usiku: tumpigie nani? Akataka kuitaja namba ya dada yake. Hakuikumbuka. Namba zote zilikuwa katika simu, simu imezimwa, na nywila ya simu ni mchoro wa kidole unaotaka macho. Nyumba aliyofikia pia hakuweza kuieleza vizuri. Alijua ni ya rangi ya waridi, kama zilivyo nyumba nyingi za huko. Mzee wa madafu ndiye aliyejua. Alimwona anatoka mle kila asubuhi.

Nikimuuliza kuhusu siku zile za macho kufungwa hunisimulia kwa kukatakata. Mwenye nyumba, mama wa makamo ambaye hawakuwahi kusemezana ila kwa habari ya funguo, alimletea chakula mkono kwa mkono. Siku moja ulikuwa ugali laini wa mahindi uliopikwa na bamia ndani yake, pamoja na samaki wa kuruka, chakula chao cha taifa. Aliutambua kwa ulimi kabla ya kuambiwa. Siku nyingine ilikuwa unga wa mahindi, nazi, boga na viazi vitamu vilivyofungwa katika majani ya mgomba na kutiwa mvuke, kitu wanachokipika kila Novemba. Mama yule alikaa kitandani akazungumza kuhusu wanawe walioko Brooklyn, ambao hawapigi simu. Dada yetu alisikiliza. Hakuwa na njia nyingine. Na aliposimuliwa habari ya mwana anayetuma pesa kila mwezi na hapigi simu, alinyamaza kwa muda, kisha akaomba simu yake iwashwe na mtu amwelekeze kidole.

Sitasema kwamba alipata utulivu kwa sababu alipofuka siku tatu. Wapo waandishi wanaopenda kusema hivyo, na nadhani hawajawahi kuumwa macho. Ilikuwa inauma. Aliogopa kazi yake imekwisha. Usiku mmoja alimwita mama yake kwa sauti, akaja mama wa watu. Kama angepiga hodi siku ya kwanza, angepata ugali uleule wa bamia, wanawe walewale wa Brooklyn, na macho mawili.

Wala sitasema kosa lilikuwa upweke. Huku kwetu tunawaona wageni kila msimu. Paje na Jambiani, Unguja, bahari ikipwa, mgeni hutembea peke yake kwenda mwambani, mbali kabisa, amevutiwa na kimya, na maji huanza kurudi nyuma yake kupitia mifereji asiyoijua. Wanawake wa mashamba ya mwani humwona mapema. Humwita. Yupo anayeitikia, na yupo anayepunga mkono na kutabasamu. Wote wawili wako peke yao. Anayeitikia ndiye aliyewasalimu wale wanawake asubuhi alipopita.

Wengine wameniuliza kwa nini serikali za visiwa vile haziikati miti hiyo yote ikaisha. Jibu lao ni la watu wanaoijua pwani yao: mizizi yake inashika mchanga usiliwe na bahari, na mwili wake unakinga upepo. Mti umekuwa pale kabla ya hoteli. Wamechagua kuupaka rangi na kuwaonya watu kwa mdomo, na mdomo huo unamfikia kila mtu aliye karibu kiasi cha kuusikia. Picha za matangazo ya likizo hazionyeshi mikanda myekundu. Wapiga picha husogea kidogo kulia.

Zilipofunguliwa bandeji alikuwa amebakiwa na siku mbili. Alizitumia karibu zote chini ya mkungu, kwenye ndoo iliyopinduliwa, pembeni ya toroli la madafu. Mzee alimwonyesha pwani yake: huu unaliwa, huu ni wa kuni, hizi ni zabibu za ufukweni, zichumwe zikiwa za zambarau. Yeye akamweleza mnyaa, na jinsi wavuvi wa zamani wa kwao walivyoyatia maji sumu ya mimea samaki waelee. Mzee alisema babu yake alifanya hivyohivyo, na kwamba ni haramu siku hizi. Wakabishana bei ya dafu. Siku ya mwisho mzee alimtoza madafu yote, pamoja na lile alilomnywesha siku ya mvua.

Mwaka huu anataka kwenda Grenada, peke yake tena. Dada yake wa Tanga aliposikia alipiga yowe. Safari hii alitumiwa jina la nyumba, namba ya simu, na jina la mama mwenye nyumba. Dada mtu hakuridhika. Alipiga namba ile mwenyewe kuhakikisha ipo, kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne. Walizungumza mpaka salio likakata. Jioni alimpigia mdogo wake Minnesota kumwambia kwamba nyumba ipo, mwenye nyumba ana kisukari na goti linamsumbua, ufukwe wa mbele ni salama ila ule wa nyuma ya kanisa una ile miti, na amtumie vocha, ana mazungumzo hajayamaliza.